Mshahara wa Siku Tatu: Utii, Ridhaa na Ajira katika Filamu ya Secretary (2002)

Ikisiri

Makala hii inahakiki filamu ya Secretary iliyoongozwa na Steven Shainberg, ambayo inasawiri mapenzi yasiyo ya kawaida baina ya wakili na mhazili wake. Mjadala kuhusu filamu hii umezunguka zaidi swali moja: je, mhusika Lee Holloway anadhalilishwa au anakombolewa na adhabu anazopewa na bosi wake? Makala inadai kwamba swali hilo limewekwa mahali pasipo pake. Kinachoitia shaka ridhaa ya Lee ni mshahara, wala si maumivu, na filamu yenyewe inalitambua hilo kwa kumfukuza kazi kabla ya kumruhusu kuchagua. Uhakiki umeongozwa na nadharia ya ufeministi. Aidha, umesaidiwa na maana za kitenzi cha Kiswahili kuchapa, na kwa ulinganishi na riwaya ya Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi na filamu ya La Noire de... ya Ousmane Sembène.

1.0 Utangulizi

Mara ya kwanza niliitazama filamu hii peke yangu, kalamu mkononi, kama mtafiti anavyotakiwa kufanya. Mara ya pili niliitazama nyumbani Lufingo, wilayani Rungwe, katika majira yale ambayo mvua ya Tukuyu hainyeshi kwa vipindi bali hukaa. Kompyuta mpakato ilikuwa juu ya meza ya kulia. Mama yangu mdogo, ambaye alitumia miaka mingi ya maisha yake akichuma chai katika mashamba ya wilaya hii, alikuja kuketi karibu filamu ilipokuwa inaelekea mwisho. Hajui Kiingereza, hivyo nilimfasiria kwa kifupi: huyu binti alikuwa mhazili, bosi wake alikuwa na tabia ya kumchapa anapokosea kupiga chapa, bosi akaona haya akamfukuza kazi, na sasa binti amerudi akiwa amevaa gauni la harusi ya mwanamume mwingine, ameambiwa aketi na kuweka viganja juu ya meza mpaka bosi atakaporudi, naye ameketi hivyo kwa siku tatu.

Nilitarajia acheke au anikemee. Badala yake aliuliza, "Sasa mwanangu, hizo siku tatu analipwa na nani?" Nikamjibu kwamba halipwi na mtu, maana alikwisha kufukuzwa. "Basi huyo hayuko kazini," akasema, "ameenda mwenyewe." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Lakini kabla ya hapo?"

Maneno haya siyatumii kama data. Hayakukusanywa kwa hojaji wala kwa usaili, na hayawakilishi mtazamo wa watazamaji wa Rungwe. Nayaweka hapa kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nibadili hoja ya makala hii, ambayo rasimu yake ya awali ilikuwa inajadili maumivu. Mtu aliyelipwa kwa kilo za majani mabichi, na ambaye uzani wa kapu lake uliamuliwa kila jioni na mtu mwingine aliyesimama upande wa pili wa mizani, aliona kwa dakika chache jambo ambalo wahakiki wengi wa filamu hii wamelipita.

2.0 Filamu na Chanzo Chake

Secretary ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance nchini Marekani mwaka 2002, ambako ilipewa tuzo maalumu ya majaji kwa ubunifu wake. Muswada uliandikwa na Erin Cressida Wilson kutokana na hadithi fupi ya Mary Gaitskill iliyomo katika mkusanyiko wa Bad Behavior (1988). Maggie Gyllenhaal ameigiza kama Lee Holloway na James Spader ameigiza kama wakili E. Edward Grey.

Msuko wake ni mwepesi kuusimulia. Lee anatoka katika hospitali ya magonjwa ya akili alikolazwa kwa sababu ya kujidhuru. Anarudi katika nyumba yenye baba mlevi na mama anayemlinda mno. Anajifunza kupiga chapa, anafaulu vizuri, na anaajiriwa na Grey, mwanamume mpweke anayetunza maua ya okidi na asiyevumilia kosa hata moja katika barua. Siku moja Grey anamwamuru ainame juu ya meza na kuisoma kwa sauti barua aliyoikosea, huku akimpiga makofi ya makalioni. Lee anagundua kwamba jambo hili linampa raha, na zaidi ya raha, utulivu: anaacha kujidhuru. Grey analemewa na haya na kumfukuza kazi. Lee, aliyekuwa karibu kuolewa na kijana mpole aitwaye Peter, anakimbilia ofisini akiwa na gauni la harusi. Mwisho wao ni ndoa.

Jambo ambalo msomaji wa hadithi ya Gaitskill analiona mara moja ni kwamba ndoa hiyo haimo. Katika hadithi, msichana anaacha kwenda kazini. Bosi anampelekea barua yenye hundi ndani yake, hundi ambayo ni vigumu kutoisoma kama bei ya ukimya. Baadaye mwandishi wa habari anampigia simu kuuliza kuhusu bosi yule, ambaye sasa ameingia katika siasa, na msichana hasemi kitu. Hakuna gauni wala siku tatu. Filamu imechukua hadithi ya unyanyasaji kazini yenye utata wa hisia na kuigeuza kuwa hadithi ya mahaba. Mhakiki anaweza kuliita tendo hili usaliti. Mimi naona lina faida yake: mahali ambapo filamu imelazimika kuongeza kitu ili mapenzi yawezekane ndipo inapoonesha ilikuwa inaogopa nini.

3.0 Kuchapa

Kiswahili kina kitenzi ambacho Kiingereza hakina. Mhazili huchapa barua. Mtu mwenye bidii huchapa kazi. Mwalimu au mzazi humchapa mtoto. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, maana hizi tatu zinaishi katika neno moja bila kugombana, na wala hatuzifikirii pamoja mpaka kitu fulani kitulazimishe. Filamu hii inatulazimisha. Katika onesho la barua, Lee anachapwa kwa sababu ya alichokichapa, na matokeo yake ni kwamba anachapa kazi vizuri zaidi. Shainberg hakujua kitenzi chetu, lakini amelijenga onesho lake juu ya uhusiano uleule ambao lugha yetu imeuhifadhi: kwamba kazi ya ofisini, ile tunayoiona safi na ya kisasa, imebeba ndani yake kumbukumbu ya fimbo.

Onesho lenyewe linastahili kusomwa polepole. Grey hamshiki Lee kwa nguvu wala hapandishi sauti. Anatoa maagizo mafupi, na kila agizo lina sura ya agizo la kazi: njoo, iname, sogeza uso karibu na karatasi, soma. Kamera haiuoneshi mwili wa Lee kama kitu cha kutamaniwa, kwa namna ambayo Laura Mulvey (1975) alizieleza filamu za Hollywood, yaani mwanamke akiwa wa kutazamwa na mwanamume akiwa mwenye jicho. Inakaa karibu na uso wake, na kinachosikika ni barua ya kawaida kabisa ya kiofisi ikiendelea kusomwa kwa sauti inayobadilika. Tunafuatilia anachokihisi yeye kuliko anachokiona bosi. Kwa hiyo hoja ya Mulvey, ambayo wanafunzi wengi wa uhakiki wa filamu huitumia kama ufunguo wa kila mlango, hapa inafungua nusu tu. Mwenye mamlaka ni Grey, lakini mwenye hadithi ni Lee.

Filamu inazidisha utata huu kwa kumfanya Lee atafute adhabu. Grey anapojizuia na kumpuuza, Lee anaanza kufanya makosa kwa makusudi. Hatimaye anampelekea kwa posta mnyoo ndani ya bahasha, naye Grey anauzungushia wino mwekundu kama kwamba ni kosa la tahajia. Onesho hili linachekesha, na kicheko chake ni cha maana. Lee ameitambua sarufi ya uhusiano wao na sasa anaandika kwa sarufi hiyo. Wahakiki wanaomwona kuwa ni mwathirika asiye na sauti hawana la kusema kuhusu mnyoo.

Lakini vilevile ni lazima kutazama mnyoo huo umetumwa kwa nani. Umetumwa kwa mtu anayetia saini mshahara.

4.0 Wino Mwekundu

Hapa naomba radhi kuingiza jambo langu binafsi, kwa kuwa bila hilo msomaji hatajua nimesimama wapi. Kabla ya kuanza masomo ya uzamili nilifanya kazi ya uhazili katika ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Kizazi cha walionitangulia katika kazi hiyo kilikitazama Chuo cha Uhazili Tabora kama mahali ambapo mikono yetu ilipewa heshima, na bado nakumbuka fahari ya kumaliza ukurasa mzima bila kosa. Bosi wangu alikuwa na kalamu ya wino mwekundu. Hakuwahi kunigusa. Lakini najua hisia ya kusimama mbele ya meza ukisubiri karatasi irudi, na najua kwamba siku ambayo haikuwa na alama nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mrefu zaidi. Mtu akiniambia kwamba furaha ile ilikuwa ya kulazimishwa nitakataa. Akiniambia kwamba ilikuwa huru kabisa, nitakataa pia. (Watahini wangu watanisamehe nikisema kwamba hisia hiyo haijaisha; wino mwekundu wa rasimu za tasnifu nao una nguvu zake.)

Filamu inaielewa hisia hii kuliko filamu nyingine yoyote ya ofisi niliyoitazama. Lee anazitundika barua zenye alama nyekundu kama mwanafunzi anavyotundika cheti. Anapenda kuonwa. Nyumbani kwake mama yake anamwona kama ugonjwa, na Peter anamwona kama zawadi. Grey ndiye mtu wa kwanza anayemwona kama mtu anayeweza kukosea na kwa hiyo anayeweza kupatia. Ni Grey anayegundua kwamba anajidhuru na kumwambia waziwazi kwamba asifanye tena, na ndiye anayemwambia arudi nyumbani kwa miguu peke yake badala ya kungojwa na mama yake katika gari. Matembezi yale ya kupita bustanini ni mafupi sana, lakini ndiyo mahali ambapo Lee anatembea kama mtu mzima kwa mara ya kwanza.

Swali gumu ni kwamba maagizo yote mawili, lile la "usijidhuru" na lile la "iname", yanatoka katika kinywa kimoja, cha mwajiri. Filamu inataka tuyapokee yote kama aina moja ya utunzaji. Inatuomba pia tusahau namna ajira hiyo ilivyoanza. Katika usaili Grey anamuuliza Lee kama ana mimba na kama ana mpango wa kushika mimba. Baadaye anamtuma apekue pipa la taka kutafuta karatasi iliyopotea, kisha anamwambia kwamba amekwisha kupata nakala nyingine. Maonesho haya mawili yamewekwa kama utani. Kwa mtazamaji wa Tanzania, ambako Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaitaja mimba miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyatumia kumbagua mwajiriwa, utani wa kwanza haukamiliki. Utani wa pili hauhitaji sheria. Kila aliyewahi kuwa mdogo ofisini amelipekua pipa hilo kwa namna fulani.

5.0 Kufukuzwa na Dawati

Tunafika sasa katika kiini. Kwa nini Grey anamfukuza Lee? Maelezo ya kisaikolojia yapo wazi: ana haya, anajiona mchafu, anaogopa asichoweza kukizuia. Hata hivyo, kuna sababu ya kimsuko iliyo nzito zaidi. Filamu haiwezi kuyafikisha mapenzi haya kwenye mwisho mwema wakati Lee bado ni mwajiriwa. Kila "ndiyo" anayoitamka akiwa kwenye orodha ya mishahara inaweza kusomwa kama "naogopa kukosa kazi". Msanii anaweza kumwonesha akitabasamu, anaweza kumfanya apeleke minyoo mia, na bado shaka itabaki. Dawa ni moja: mshahara uondolewe, kisha tuone kama atarudi.

Ndivyo inavyofanyika. Baada ya kufukuzwa, Lee anakutana na wanaume wengine wenye matamanio ya namna mbalimbali, na anagundua kwamba hakuwa anatafuta maumivu ya mtu yeyote tu. Anakubali posa ya Peter. Kisha, akijaribu gauni, anakimbia. Anapofika ofisini hana mkataba, hana dawati lake, hana hata ruhusa ya kuwamo. Anasema anampenda. Grey, asiyemwamini au asiyejiamini, anampa agizo la mwisho na kuondoka.

Siku tatu za dawati ndizo sehemu bora ya filamu hii na ndizo zinazokaribia zaidi kuiharibu. Wanakuja watu: Peter, wazazi, kasisi, waandishi wa habari, na mwanamke anayemshauri asome kuhusu mapambano ya wanawake. Kila mmoja ana tafsiri yake. Onesho ni kama mkutano wa wahakiki mbele ya matini isiyojibu. Lee hali, hanywi, hainuki hata kwenda haja. Utii umefika mahali ambapo hauwezi tena kuitwa utii kwa bosi, kwa kuwa bosi hayupo na wala si bosi tena. Ni uamuzi unaorudiwa kila saa. Mwili wa Lee, uliokuwa umeinamishwa, sasa umeketi wima, na mikono yake imekaa juu ya meza ileile ambayo zamani ilikuwa mahali pa adhabu.

Wanyakyusa wana desturi ambayo Monica Wilson aliieleza katika maandishi yake ya miaka ya 1950, ya mke wa mwana kujitenga kabisa na baba mkwe: kutokutana naye njiani, kujificha anapopita. Bibi zetu waliifuata, na ukiwauliza hawakuieleza kama uoga tupu. Ilikuwa lugha ya mwili yenye kanuni, ambayo ndani yake umbali wenyewe ulisema jambo kuhusu heshima na kuhusu hatari. Sidai kwamba Lee ni mkwe wa Kinyakyusa. Nasema tu kwamba mtazamaji aliyekulia Rungwe hashangazwi na wazo kwamba mkao wa mwili unaweza kubeba maana nzito kuliko maneno, wala kwamba mtu anaweza kuushika mkao huo kwa hiari ndani ya kanuni ambazo hakuzitunga. Kinachomshangaza ni kwamba kanuni hizi mbili za Lee na Grey zimetungwa na watu wawili peke yao, ndani ya chumba kimoja, bila shangazi wala mshenga wa kuwauliza.

Kuhusu hili filamu ina ukimya mwingi, na ukimya ni mgumu kufasiriwa. Wafasiri wa vibanda vya video nchini, wakiongozwa na marehemu Lufufu, waliijenga sanaa yao kwa kuujaza ukimya wa filamu za kigeni, wakiongeza methali, majina ya mitaa na maelezo ya nia za wahusika. Matthias Krings ameichunguza sanaa hiyo na kuonesha kwamba wafasiri wenyewe waliilinganisha na kugeuza wali kuwa pilau. Nikiwa mezani pale Lufingo nilijikuta nafanya kazi hiyohiyo na nikagundua kwamba kila kiungo nilichokitia kilikuwa hukumu. Nikisema "anamtii", nimemweka Lee katika adabu. Nikisema "anajisalimisha", nimemweka vitani. Nikisema "ananyenyekea", nimempeleka kanisani. Mwishowe nilisema tu kwamba ameketi.

6.0 Kijakazi na Diouana

Fasihi ya Kiswahili ina mhusika ambaye ni lazima awekwe kando ya Lee, naye ni Kijakazi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978). Kijakazi amezeekea katika utumishi wa Fuad, na uaminifu wake kwa bwana anayemdharau ni miongoni mwa mambo yanayoumiza zaidi katika riwaya hiyo. Uhakiki wetu, hasa ule wa mkabala wa Kimaksi, umezoea kuusoma uaminifu huo kama fikra zilizopotoshwa na ukabaila. Usomaji huo una haki yake. Hatari inakuja pale mhakiki anapoubeba kama ulivyo na kumvisha Lee, akahitimisha kwamba kila anayependa kuamriwa ametiwa upofu.

Tofauti haipo katika ukali wa bwana. Ipo katika mlango. Kijakazi hana mahali pa kwenda ambako mapenzi yake kwa Fuad yangeweza kujaribiwa. Maisha yake yote yamo ndani ya shamba la bwana, na hata Mapinduzi ya 1964 yanamkuta akiwa hana lugha nyingine ya kujieleza. Hatuwezi kujua kama angempenda Fuad asingekuwa mtumishi, kwa sababu hakuna Kijakazi asiye mtumishi. Lee tunamwona nje. Filamu inampa miezi ya kuwa mtu asiyeajiriwa na Grey, na katika miezi hiyo anachagua.

Diouana, msichana wa Dakar katika La Noire de... (1966), anasimama mahali pa tatu. Amepelekwa Antibes, Ufaransa, akidhani atalea watoto, akajikuta anapika na kufagia huku sauti yake ikisikika kichwani mwake tu. Hapa hakuna mapenzi wala mchezo wa amri. Amri ni amri. Diouana anajiua, na mwajiri wake anarudi Dakar na sanduku lake, kinyago na fedha. Mama yake Diouana anazikataa fedha hizo. Naona mkono ule unaokataa ni jibu kwa hundi ya Gaitskill, ingawa umetangulia kwa zaidi ya miaka ishirini: kuna deni ambalo mshahara, hata ukilipwa wote, hauwezi kulifuta, na kulipokea ni kukubali kwamba lilikuwa la fedha. Shainberg ameepuka swali la namna hiyo kwa njia ya ndoa. Mke hadai malimbikizo.

Na hapo ndipo ninapoona udhaifu mkubwa wa filamu. Baada ya ndoa Lee hafanyi kazi tena. Mwanamke aliyefaulu kupiga chapa, aliyependa barua safi, anaonekana mwishoni akitandika kitanda na kutega mende mfu juu ya shuka ili aadhibiwe jioni. Grey anaondoka na gari kwenda ofisini. Lee anamtazama akienda, kisha anageuza macho na kututazama sisi. Mtazamo huo ni wa kijasiri: anatuzuia kumhurumia. bell hooks (1992) ameandika kuhusu jicho la mtazamaji Mweusi linalokataa kupokea kila linachooneshwa, na nadhani Lee, ambaye si Mweusi, anatualika bila kujua kulitumia jicho hilo dhidi ya filamu yake mwenyewe. Nikimtazama machoni namwamini kwamba ana furaha. Lakini nauliza nani sasa ameketi kwenye lile dawati.

7.0 Yule Aliyetoka Analia

Swali hilo si la kubuni. Siku Lee anapofika kwa usaili, mhazili aliyekuwapo kabla yake anatoka akilia, amebeba vitu vyake. Nje ya ofisi kuna tangazo la nafasi ya mhazili lenye taa, la kuwashwa na kuzimwa kama tangazo la vyumba vya nyumba ya wageni. Mtu hatengenezi taa kwa nafasi ambayo hutangazwa mara moja tu. Kwa sekunde chache filamu inatuambia kwamba Lee ni mmoja katika mfululizo, na kwamba kwa yule wa kabla yake mambo hayakuwa mahaba. Kisha inamwacha aondoke, na haimrudii tena.

Kisheria, hapa nchini, mhazili huyo ndiye anayetazamwa. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mtu anayetumia mamlaka yake kudai au kulazimisha upendeleo wa kingono kama sharti la ajira, kupandishwa cheo, haki au stahili nyingine. Tendo hilo ndilo linaloitwa kwa msemo ambao sasa umeenea, rushwa ya ngono. Kifungu hicho kimejengwa juu ya tendo la kudai. Kinaona pale ambapo mmoja anaweka sharti na mwingine anabanwa nalo. Grey hadai kitu kwa sharti, wala hamwambii Lee kwamba asipoinama atapoteza kazi. Anasema tu, "iname". Sharti limo katika chumba, si katika sentensi. Filamu ina uwezo wa kulionesha sharti la namna hiyo kuliko sheria inavyoweza kulitaja, na kwa dakika kadhaa inalionesha vizuri sana, kabla haijaamua kwamba halikuwapo.

Mtu anaweza kusema kwamba dawa ni kuipiga marufuku filamu ya namna hii. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2015 kwa Fifty Shades of Grey, filamu nyingine yenye bwana Grey mwenye kupenda kuamuru. Sioni faida. Fifty Shades imemfanya bwana wake kuwa tajiri mno hivi kwamba mshahara hauna maana, na kwa hiyo haina la kutufundisha kuhusu ofisi. Babygirl ya Halina Reijn (2024) imegeuza meza, mkuu wa kampuni akiwa mwanamke na anayeamuru akiwa kijana wa mafunzo kazini, na kwa kugeuza huko imeonesha kwamba kutii kitandani na kutawala ofisini vinaweza kukaa katika mtu mmoja. Lakini Secretary pekee ndiyo iliyokubali, japo kwa siku tatu tu, kulitoa dawati katika ajira na kuuliza nini kinabaki.

Katika ofisi niliyofanyia kazi kulikuwa na mwenzangu ambaye siku moja hakurudi baada ya chakula cha mchana. Vitu vyake vilibaki wiki nzima: kikombe, sweta, kalenda ya ukutani. Tulijua sababu na hatukuisema. Mwezi uliofuata nafasi yake ilitangazwa, na barua ya tangazo ilinipitia mimi. Niliichapa bila kosa hata moja.